Kamati za pingamizi Uholanzi: tunamkagua mwenyekiti, tunamsahau katibu

Tangu serikali ya Mark Rutte ijiuzulu tarehe 15 Januari 2021 kwa sababu ya kashfa ya ruzuku za malezi ya watoto, ambapo idara ya kodi iliwatuhumu wazazi wengi udanganyifu bila haki, Waholanzi wamerudi kwenye swali ambalo kwa miaka mingi lilionekana la wanasheria peke yao: mwananchi akiandikiwa uamuzi na mamlaka, akaona ameonewa, asikilizwe na nani? Mjadala ulipata nguvu mpya Januari 2024, serikali ilipoitoa hadharani rasimu ya kuirekebisha sheria kuu ya utawala, Awb, ili watu waitolee maoni. Katika mjadala huo limejitokeza dai linalorudiwa kila mara: kamati za pingamizi za manispaa, zinazomsikiliza mwananchi anayepinga uamuzi na kuishauri manispaa, hazina uhuru wa kutosha, kwa hiyo watumishi wote wa manispaa waondolewe ndani yake na kamati zigeuzwe mahakama ndogo. Dai hilo lina nia njema, lakini naona limekosea mahali pa kutazama. Masharti ya uhuru yaliyomo katika sheria ya Uholanzi ni machache kwa makusudi, na uchache huo una utetezi mzuri. Pengo liko pale ambapo sheria haisemi kitu: kwa katibu anayeandaa jalada na kuandika ushauri, kwa yule anayeteua wajumbe, na kwa kinachofuata kamati ikishasema neno lake.

Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uholanzi wanalijua jambo hili kwa vitendo hata kama hawajawahi kulisoma. Mkongomani aliyeletwa na mpango wa wakimbizi kutoka Uganda, Mrundi aliyefika miaka ya tisini, Mtanzania aliyeolewa Rotterdam, wote hukutana na manispaa, gemeente, mara nyingi kuliko wanavyokutana na wizara yoyote. Ruzuku ya kujikimu iko mikononi mwa manispaa tangu zamani. Mwaka 2015 zikaongezewa huduma za vijana wenye matatizo na sehemu kubwa ya huduma za wagonjwa na wazee majumbani, na Januari 2022 zikakabidhiwa usimamizi wa wageni wanaojifunza lugha na taratibu za nchi. Manispaa ni zaidi ya 300, na zote huandika barua. Chini ya kila barua yenye uamuzi kuna aya fupi inayosema kwamba usiporidhika unaweza kuwasilisha pingamizi ndani ya wiki sita. Wengi wetu huishia hapo, kwa sababu aya hiyohiyo inakuelekeza upeleke pingamizi lako kwa mamlaka ileile iliyokunyima.

Utaratibu huo unashangaza mpaka uelewe ulikotoka. Hadi miaka ya themanini, migogoro mingi kati ya mwananchi na utawala wa Uholanzi iliishia kwa Taji, yaani serikali yenyewe, baada ya kushauriwa na Raad van State, baraza kuu la kuishauri serikali. Mwaka 1976 manispaa ya Weerselo ilimpa mwenye gereji aliyeitwa Benthem kibali cha kuuzia magari gesi. Mkaguzi wa afya wa mkoa akapinga kwa Taji, na miaka mitatu baadaye Taji likakifuta kibali. Benthem alikwenda hadi Strasbourg, na tarehe 23 Oktoba 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Taji si mahakama huru, na mtu yule hakuwa amepata haki ya kusikilizwa na chombo kisichofungamana na upande wowote. Uholanzi ililazimika kujenga upya. Sheria ya muda ikatungwa, kisha tarehe 1 Januari 1994 Awb ikaanza kutumika, ikiwa na mpangilio ulio wazi: kwanza utawala unajisahihisha wenyewe kupitia pingamizi, halafu asiyeridhika anakwenda kwa hakimu aliye huru kabisa. Kwa kuwa hakimu yupo mbele, mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu haudai kwamba hatua ya pingamizi nayo iwe ya mahakama. Msingi huo ndio ulioiruhusu Uholanzi kuweka masharti machache.

Masharti yenyewe yamegawanyika, na watu huyachanganya. Kifungu cha 2:4 kinaitaka kila mamlaka ifanye kazi bila upendeleo, na izuie watu wake wenye maslahi binafsi wasiuguse uamuzi. Kifungu cha 7:5 kinahusu kusikilizwa: anayekusikiliza asiwe ameshiriki kuandaa uamuzi unaoupinga, na wakiwa zaidi ya mmoja, wengi wao wawe hawakushiriki, akiwemo anayeongoza kikao. Sharti hilo lina mlango wa pembeni, kwani halitumiki pale mamlaka yenyewe, au mmoja wa wajumbe wake, anaposhiriki kusikiliza. Kifungu cha 10:3 kinakataza aliyekasimiwa madaraka akatoa uamuzi wa kwanza asikasimiwe tena madaraka ya kuamua pingamizi la uamuzi huohuo. Ndipo tunafika kwenye kifungu cha 7:13, ambacho ndicho cha kamati. Kamati inayotambuliwa na kifungu hicho lazima iwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, na mwenyekiti asiwe sehemu ya mamlaka husika wala asifanye kazi chini yake.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, maana imebeba mengi. Sharti la kuwa mtu wa nje linamhusu mwenyekiti peke yake. Wajumbe wawili wanaobaki wanaweza, kwa mujibu wa Awb, kuwa watumishi wa manispaa ileile. Tena sheria inazungumzia mamlaka, haizungumzii manispaa nzima. Kwa maamuzi mengi ya kila siku mamlaka hiyo ni baraza tendaji, yaani meya na wenzake wanaoitwa wethouders, wala si baraza la madiwani. Tangu mwaka 2002 vyombo hivyo viwili vimetenganishwa kisheria, kwa hiyo ukisoma maneno ya kifungu kama yalivyo, hata diwani wa hapohapo si sehemu ya baraza tendaji. Wala hakuna muda wa kusubiri: mtu aliyekuwa wethouder mwezi uliopita, kwa mujibu wa kifungu hiki, hazuiwi kukaa kiti cha mwenyekiti mwezi huu. Manispaa nyingi zimekwenda mbele zaidi ya hapo, na kanuni zao zinadai kamati nzima iwe ya watu wa nje. Hilo ni chaguo lao. Sheria haiwalazimishi, wala haiwalazimishi kuwa na kamati kwa ujumla. Manispaa inaweza kuamua kwamba mapingamizi yote yatasikilizwa na watumishi wake chini ya kifungu cha 7:5, na zipo zilizochagua njia hiyo.

Anayechagua kamati ya 7:13 hupewa kitu. Bila kamati, pingamizi linatakiwa kuamuliwa ndani ya wiki sita baada ya muda wa kupinga kuisha. Kukiwa na kamati, muda unakuwa wiki kumi na mbili, na katika hali zote mbili unaweza kusogezwa mbele kwa wiki sita nyingine. Tofauti hiyo si ndogo katika nchi ambayo tangu Oktoba 2009 mamlaka inayochelewa hudaiwa faini ya kila siku baada ya kukumbushwa kwa maandishi, faini inayoweza kufika euro 1,442 kwa pingamizi moja. Mwenyekiti mmoja wa nje anainunulia manispaa wiki sita za kupumua. Nitalirudia hili baadaye.

Nieleze kidogo chumba chenyewe kilivyo. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kutoka Bukavu kwenda kumtafsiria katika kikao cha namna hiyo. Alikuwa amekatiwa sehemu ya ruzuku ya kujikimu kwa madai kwamba hakutoa taarifa kuhusu kijana wake aliyehamia kwake kwa muda. Mapokezi alitujia mtu mwenye kadi ya utumishi ya manispaa shingoni, mpole, akatuletea kahawa na kutuongoza hadi chumbani. Mbele walikaa watatu, mwenyekiti na wajumbe wawili, na upande mmoja akakaa mwakilishi wa idara ya ruzuku. Yule aliyetuletea kahawa akakaa upande wa meza ya wale watatu na kufungua kompyuta. Mama akaniinamia: “Mwanangu, huyu naye ni wa kwao?” Nilimjibu kwamba ni katibu tu, hapigi kura. Mwenyekiti alikuwa mtu makini. Aliuliza maswali mazuri, akamkatiza mwakilishi wa idara alipokwepa. Lakini kila alipohitaji karatasi aligeuka kwa katibu, na kila hoja ya kisheria ilipozuka ni katibu aliyenong'ona. Ushauri ulipokuja kwa posta, ulikuwa umeandikwa kwa lugha ileile ya barua ya kwanza ya kukatiwa ruzuku, sentensi nyingine zikiwa zilezile neno kwa neno. Sidai kwamba kuna aliyekosea kisheria pale. Masharti yote ya 7:13 yalikuwa yametimizwa, na hilo ndilo linalonisumbua.

Sasa tuwasikilize wanaotaka uhuru kamili. Hoja yao yenye uzito zaidi ni ya imani. Mwananchi asiyewaamini watu walio mbele yake hatasema yote, na asiposema yote hata uamuzi mzuri utakosewa. Kwa watu waliokimbia nchi ambako ofisi ya serikali ilikuwa mahali pa kuogopa, hoja hiyo haina haja ya kufafanuliwa. Hoja ya pili ni ya uzoefu. Mapingamizi ya wazazi katika kashfa ya ruzuku yalishughulikiwa ndani ya idara ileile iliyowatuhumu, na Agosti 2017 Mchunguzi wa Malalamiko wa Taifa aliandika ripoti kuhusu familia 232 zilizofungiwa ruzuku, akiikemea idara kwa namna ilivyowatendea, pamoja na mapingamizi yao kukaa muda mrefu kupita kiasi. Ripoti ya bunge ya Desemba 2020 ikayaita yaliyowapata wazazi dhuluma isiyo na mfano. Mtu anayeyasoma hayo na kuhitimisha kwamba utawala hauwezi kujihukumu hawezi kuitwa mjinga.

Lakini kashfa hiyohiyo inatoa somo lingine ambalo watetezi wa mahakama ndogo hulipita haraka. Wazazi wale walifika mahakamani. Walifika hadi kitengo cha sheria cha Raad van State, mahakama ya juu ya utawala, ambayo uhuru wake kutoka idara ya kodi hauna shaka. Kwa miaka mingi mahakama hiyo iliuridhia msimamo wa yote au hakuna: mzazi aliyeshindwa kuthibitisha kwamba alilipa mchango wake wote alidaiwa kurudisha ruzuku yote ya mwaka, maelfu ya euro, hata kama kilichokosekana kilikuwa kidogo. Msimamo huo ulibadilishwa tarehe 23 Oktoba 2019, na Novemba 2021 mahakama yenyewe ilikiri katika ripoti ya kujitathmini kwamba iliung'ang'ania kwa muda mrefu mno. Wazazi hawakuangushwa na upungufu wa uhuru peke yake. Waliangushwa pia na mahakimu huru waliojiona wamefungwa na sheria kali, wakauliza kama uamuzi ni halali bila kuuliza kama unamstahili mtu huyu.

Kwa ngazi ya manispaa mfano upo na unajulikana. Desemba 2020 nchi nzima ilipigwa na butwaa kusikia kwamba mwanamke aliyekuwa akipokea ruzuku ya kujikimu alitakiwa na manispaa ya Wijdemeren kurudisha zaidi ya euro 7,000, kwa sababu mama yake alikuwa akimnunulia vyakula dukani na hakuvitolea taarifa. Mahakama ya ngazi ya kwanza ilikuwa imekubaliana na manispaa. Agosti 2021 mahakama ya rufaa ya masuala ya hifadhi ya jamii, Centrale Raad van Beroep, ilikipunguza kiasi hicho hadi chini ya euro 3,000, lakini haikukifuta chote. Jiulize ni wapi katika safari hiyo mtu angeweza kusema: sheria inaturuhusu kudai, lakini kwa mkate na maziwa yaliyoletwa na mzazi, tusidai. Mahali hapo ni kwenye pingamizi. Kifungu cha 7:11 kinaitaka mamlaka iupitie upya uamuzi wote, na sio uhalali wake tu bali na busara yake, kwa kutazama hali ilivyo sasa. Hakimu kwa kawaida hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa hana ruhusa ya kukaa kwenye kiti cha mtawala. Pingamizi ndiyo hatua pekee ambayo mtu anaweza kuhurumiwa kisheria.

Kwa sababu hiyo nasita kushangilia mahakama ndogo. Kamati ikijazwa mawakili na wahadhiri wa sheria kutoka nje, wasiojua mitaa ya mji ule wala sera zake, itafanya kile inachokijua, yaani kupima uhalali. Itaogopa kushauri kuhusu sera kwa kuwa si yake. Mwananchi atapata hukumu mbili za kisheria mfululizo, ya kamati na ya mahakama, na hakuna atakayemuuliza kwa nini kijana wake alihamia kwake. Mjumbe mmoja aliyefanya kazi miaka ishirini katika huduma za jamii, anayejua kwamba kijana mwenye miaka kumi na tisa hufukuzwa hosteli na kurudi kwa mama yake bila taarifa, anaweza kuwa na faida kubwa kuliko profesa, hata akiwa amewahi kuajiriwa na manispaa. Sheria ilipomtaka mwenyekiti peke yake awe wa nje iliuacha mlango huo wazi, na nadhani ilifanya vyema.

Upande wa pili wapo wanaosema kamati zenyewe zimepitwa na wakati. Wanataka pingamizi lianze na simu: mtumishi ampigie aliyepinga, amwelewe, na mara nyingi jambo litaisha bila kikao. Wizara ya Mambo ya Ndani imeihimiza njia hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na nimeona inavyofanya kazi. Kwa mtu ambaye Kiholanzi kinamshinda, mazungumzo ya dakika ishirini na mkalimani yanaweza kumaliza kosa ambalo kurasa kumi za barua zingelizidisha. Wana haki pia wanaposema kamati ni polepole. Hoja hizo mbili nazikubali.

Hoja yao ya tatu siikubali kabisa, nayo ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba uhuru katika hatua ya pingamizi hauna umuhimu mkubwa kwa kuwa mahakama huru ipo mbele. Kwenye karatasi ni kweli, na ndivyo Strasbourg inavyoona. Katika maisha ya watu si kweli. Pingamizi ni bure. Mahakamani kuna ada, ambayo mwaka 2024 ilikuwa karibu euro 50 kwa kesi za ruzuku na karibu euro 190 kwa kesi nyingine nyingi za mtu binafsi. Kuna barua mpya, muda mpya wa wiki sita, na miezi ya kusubiri. Asiyetaka ugomvi na ofisi inayomlipa kila mwezi hafiki huko. Kwa mtu huyo, barua ya kukataliwa pingamizi ndiyo mwisho wa njia. Na hata anayefika, anafika na jalada lililojengwa kwenye hatua ya pingamizi: kumbukumbu za kikao, ushauri, nyaraka zilizoombwa na zile ambazo hazikuombwa. Hakimu anaposoma, anamsoma katibu. Kasoro za utaratibu nazo hazimfikishi mwananchi mbali, maana kifungu cha 6:22 kinamruhusu hakimu kuipita kasoro ikiwa anaona haikumdhuru yeyote. Anayesema mahakama itarekebisha anaiwekea mahakama mzigo ambao sheria yenyewe imeiruhusu iutue.

Kama kamati haihitaji kuwa mahakama, na kama mahakama haitoshi kuwa kisingizio, uhuru unaohitajika ni upi? Naanza na katibu. Awb haimtaji. Kanuni za manispaa humtaja kwa kifupi, na kwa kawaida ni mtumishi wa manispaa katika idara ya sheria. Yeye hupokea pingamizi, huamua jalada likamilishwe kwa nyaraka zipi, hupanga siku ya kikao, huandika kumbukumbu, kisha huandaa rasimu ya ushauri. Wajumbe wa nje hukutana mara chache kwa mwezi na hupewa majalada mengi kwa wakati mmoja, hivyo rasimu ya katibu ina uzito kuliko jina lake linavyoonyesha. Katika manispaa ndogo inaweza kutokea kwamba idara hiyohiyo, pengine mtu huyohuyo wiki nyingine, ndiyo inayoitetea manispaa mahakamani. Simlaumu mtu huyo, maana wengi wao ni wanasheria waaminifu wanaofanya kazi kwa moyo. Ila tumemkagua mwenyekiti mpaka nasaba yake ya kikazi, halafu kalamu tumempa mtu ambaye sheria haikumuuliza swali hata moja.

Dawa yake haihitaji kubuniwa. Mwaka 2002, baraza la madiwani lilipotenganishwa na baraza tendaji, Waholanzi waligundua kwamba madiwani hawawezi kuisimamia serikali ya mji huku wakiandikiwa hotuba na watumishi wa serikali hiyo. Kwa hiyo kila manispaa ikapewa griffier, karani anayeajiriwa na baraza la madiwani na kuwajibika kwalo. Mantiki hiyohiyo inamfaa katibu wa kamati ya pingamizi: awekwe chini ya ofisi hiyo, au manispaa kadhaa jirani zichangie ofisi moja ya makatibu ili katibu wa Ijumaa asiwe mtetezi wa Jumatatu. Vivyo hivyo kwa uteuzi. Leo hii baraza tendaji huteua wajumbe wa kamati itakayolishauri kuhusu makosa yake, huwalipa posho ya vikao, na ndilo huamua kama watarudi kipindi kingine. Mjumbe anayetaka kurudi anajua nani atamrudisha. Wajumbe wa chombo cha ukaguzi wa fedha cha manispaa, rekenkamer, huteuliwa na madiwani kwa miaka sita. Sioni sababu ya anayekagua hesabu za mji kulindwa kuliko anayekagua maamuzi yanayogusa chakula cha watu.

Halafu kuna kinachotokea baada ya ushauri. Kifungu cha 7:13 kina aya ambayo nadhani ina nguvu kuliko sharti la mwenyekiti: mamlaka ikiamua kinyume na ushauri wa kamati, lazima itaje sababu ndani ya uamuzi na iuambatanishe ushauri wenyewe. Maana yake mwananchi aliyeshindwa anapewa mkononi maandishi ya watu wenye heshima yanayosema alistahili kushinda. Mbele ya hakimu hiyo ni silaha. Lakini silaha hiyo iko kwa mtu mmoja mmoja. Kamati nyingi hutoa taarifa ya mwaka yenye idadi ya mapingamizi na asilimia za waliofanikiwa, ilhali ni nadra kumwona diwani akisimama kuuliza kwa nini baraza tendaji lilikataa ushauri uleule mara kadhaa katika mambo yaleyale. Ushauri wote ukichapishwa bila majina ya watu, na kila kukataliwa kukaorodheshwa na sababu zake, madiwani watakuwa na kitu cha kushika, na baraza tendaji litafikiri mara mbili kabla ya kuandika sababu ya sentensi moja.

Najua pingamizi litakalotolewa dhidi ya mapendekezo haya: manispaa ndogo hazina fedha wala watu, na zikibanwa sana zitaziacha kamati kabisa na kurudi kwa watumishi wa 7:5, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Hofu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana sipendekezi kuzilazimisha. Napendekeza bei ya zile wiki sita za ziada ipandishwe. Manispaa inayotaka wiki kumi na mbili iendelee kuzipata, lakini kwa kamati yenye mwenyekiti wa nje, katibu asiyewajibika kwa idara inayotetea maamuzi, wajumbe walioteuliwa na madiwani, na ushauri unaochapishwa. Isiyotaka ibaki na wiki sita, impigie mwananchi simu, na ifanye kazi yake haraka. Marekebisho hayo yangeingia katika vifungu vya 7:10 na 7:13 kwa mistari michache, na rasimu ya kuirekebisha Awb ndiyo nafasi ya kuyaingiza.

Wakati hayo yakisubiriwa, aliyewasilisha pingamizi leo anaweza kuuliza mambo matatu kwa barua fupi kabla ya siku ya kikao: je, pingamizi langu litasikilizwa na kamati ya 7:13 au na watumishi, katibu wa kamati yuko idara gani, na je, idara hiyo ndiyo inayoiwakilisha manispaa mahakamani, na je, nitapewa nakala ya ushauri hata kama uamuzi utakubaliana nao. Swali la kwanza manispaa inapaswa kukujibu hata kabla hujauliza, maana sheria inaitaka ikuarifu mapema kama kamati itashauri. La pili hakuna kifungu kinachoilazimisha kulijibu, na manispaa inayolijibu kwa uwazi imekwisha kukueleza mengi kuhusu kikao unachokwenda kukutana nacho.